Fungu Lililokwama Mkatoni

Kila asubuhi, saa moja na dakika kumi, kabla cherehani hazijaanza kunguruma, nilikuwa nafungua sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kufuli dogo, limewekwa chini ya saa ya ukutani kwenye mlango wa ukumbi wa ushonaji, na juu yake nilikuwa nimebandika karatasi niliyoiandika kwa herufi za kujitahidi: DODOSO LA WAFANYAKAZI. MAJIBU YAKO NI SIRI. ASANTE. Nafungua, natoa bahasha zilizomo, nasoma namba iliyoandikwa pembeni, naweka tiki kwenye orodha yangu, nafunga, napanda ngazi kurudi ofisini. Kazi ya dakika tano. Niliipenda kwa sababu haikunitaka niongee na mtu.

Jumatano ile, ndiyo kwanza nimeingiza ufunguo, mkono mzito ukatua begani kwangu.

"Mwanangu, hebu nisaidie. Hii ni tikiti ya fungu gani?"

Alikuwa Mama Vifungo, kiongozi wa meza ya vifungo, mwanamke ambaye kicheko chake hutangulia kufika kabla yake. Ameshika kikaratasi chekundu. Nilikitambua mara moja maana nilikikata kwa mikono yangu, mimi na rula yangu. Kilisomeka: KUMBUSHO LA TATU. TAFADHALI REJESHA DODOSO LAKO.

"Si tikiti, Mama," nikasema.

"Ehe?"

"Si tikiti."

"Pandisha sauti kidogo, masikio yangu yameshonewa vifungo."

"Ni kumbusho! La dodoso. Kwa wale ambao hawajajibu."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake na kuvua viatu.

"Hawajajibu nani? Njoo."

Hapa inafaa nieleze jinsi kazi ilivyokuwa ikienda pale kiwandani. Tulikuwa tunashona sare: za shule, za wauguzi, za walinzi. Meza zilikuwa tano, kila moja ina watu kumi na wawili: mkato, mshono wa kwanza, mshono wa pili, vifungo, na pasi. Nguo zilisafiri kwa mafungu ya kumi na mbili, zimefungwa kwa utepe wa kitambaa, na kila fungu lina kikaratasi cha rangi kinachoonyesha ni la kazi gani. Hicho ndicho walichokiita tikiti. Fungu lisilotimia haliondoki mezani. Na hakuna meza inayotoa fungu kabla meza iliyo nyuma yake haijatoa lake. Mimi haya yote nilikuwa nimeyaona kwa miezi mitatu kupitia dirisha la ofisi, na sikuwa nimeyaelewa hata kidogo.

Mama Vifungo akainama chini ya meza yake, akaibuka na bahasha kumi na mbili zilizofungwa utepe. Juu ya utepe zilining'inia karatasi zangu tatu, nyeupe ya wiki ya kwanza, ya njano ya wiki ya pili, nyekundu ya wiki hii, kama bendera za sherehe.

"Sisi tumemaliza tangu Jumatatu ya wiki ile ya kwanza," akasema. "Rangi zikawa zinabadilika tu. Nikawaambia wenzangu, hawa wa juu wamebadilisha oda mara tatu, tungoje."

"Lakini Mama, mngeziweka tu sandukuni."

"Tuziweke vipi? Mshono wa pili hawajaniletea lao."

Nikaenda mshono wa pili. Bahasha kumi na mbili, utepe, bendera tatu. Wao walikuwa wanangoja mshono wa kwanza. Nikaenda mshono wa kwanza. Bahasha kumi na mbili, zimepangwa vizuri kuliko vitabu vya maktaba.

"Mkato haujatoka," wakanijibu kwa pamoja, bila hata kuinua macho.

Watu sitini nilikuwa nimewaandika kwenye orodha yangu kwamba hawajajibu. Watu sitini walikuwa wamenikosesha usingizi, nikiwaza nimewakosea nini, pengine maswali ni marefu, pengine hawanipendi. Kumbe walikuwa wametunza bahasha zao kama mayai.

"Basi nipeni nizibebe mwenyewe," nikasema.

Dada mmoja akatoa pini mdomoni ili anijibu sawasawa.

"Tumruke Fundi Mkasi wa mkatoni? Mbele ya macho yake? Miaka yote hii? Hapana, mdogo wangu. Hilo usitutume."

Nikapanda ngazi na orodha yangu. Meneja alikuwa amesukuma miwani juu ya paji la uso, akiitafuta mezani.

"Ziko ngapi?" akauliza.

"Saba." Hizo zilikuwa za watu wa ofisini, madereva wawili, mlinzi wa getini na mkaguzi wa nguo, watu ambao hawafanyi kazi kwa mafungu.

"Saba kati ya sitini na saba." Akahema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa namba, na namba zilikuwa zinamuumiza kichwa. "Binti, majaribio yako yanaisha Ijumaa. Nilikuajiri kwa vyeti vyako, vizuri sana. Lakini ofisi ya wafanyakazi ni ya kuongea na wafanyakazi. Sauti yako mimi naisikia ukipiga chafya tu. Niletee sitini na moja kabla ya saa sita mchana Ijumaa, tisa kati ya kumi, nami nitawaambia wenye kiwanda kwamba unafaa. Zikipungua, sitakuwa na la kuwaambia."

Nilitaka kumwambia kwamba napenda kukaa hapa. Kwamba napenda harufu ya kitambaa kipya saa moja asubuhi, na jinsi wale kina mama wanavyoimba wakidhani mashine zinawafunika. Nikasema, "Sawa."

Nikateremka kwenda mkatoni.

Meza ya mkato ilikuwa ndefu kuliko chumba changu cha kulala. Mwisho wake alisimama Fundi Mkasi, mzee mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi kama ya bwana harusi. Alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye meza ile. Kando yake, chini ya rula ya chuma, niliona bahasha kumi na moja zimefungwa utepe uliolegea, na karatasi moja imekunjuliwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti wa bahasha."

Nilikuwa nimeandaa sentensi tatu nikiwa ngazini. Zote zikanitoka. Nikasimama. Yeye akakata mkono mmoja wa shati, akakata wa pili, akaweka mkasi chini.

"Wewe ni mjanja sana," akasema.

"Mimi?"

"Unamsimamia mtu kimya namna hiyo, anajikuta anaungama dhambi za ujana wake. Haya, tazama."

Akaivuta karatasi kutoka chini ya rula. Maswali kumi na sita, na yote alikuwa ameyajibu kwa mwandiko mzuri ulionyooka, isipokuwa moja. Swali la kumi na nne: Katika wiki moja iliyopita, je, kuna mtu hapa kazini aliyekusifu kwa kazi nzuri? Ndiyo. Hapana.

"Fundi, hii ni siri. Hupaswi kunionyesha."

"Basi fumba macho nikusimulie." Akashusha sauti. "Humu ndani anayesema kazi hii nzuri, hii mbaya, ni mtu mmoja. Mkaguzi. Na mkaguzi ni nani?"

Kila mtu alijua mkaguzi ni nani. Dada Chaki, mdogo wake Fundi Mkasi, wa tumbo moja. Alikaa mwisho kabisa wa ukumbi, penye rafu, na chaki ya bluu imechomekwa sikioni. Hakuna nguo iliyotoka getini bila kupita mikononi mwake.

"Nikiandika hapana," akaendelea, "nimemshtaki mdogo wangu kwa maandishi. Nikiandika ndiyo, nimedanganya, tena kwa kalamu ya kampuni."

"Unaweza kuliacha wazi."

Akanitazama kana kwamba nimemwomba akate suruali yenye mguu mmoja.

"Binti, sijawahi kutoa kitu mezani hapa kikiwa na tundu."

"Sasa utafanyaje?"

"Nasubiri. Swali linasema wiki moja iliyopita. Kila Jumatatu wiki inaanza upya." Akachukua mkasi tena, akautazama, asinitazame mimi. "Labda wiki hii atasema kitu."

Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nikafanya vyote viwili kidogo kidogo, nikasingizia vumbi la kitambaa.

Alhamisi nilijaribu kutumia akili. Sikuweza kumwambia Dada Chaki lolote, nilikuwa nimeandika SIRI kwa mkono wangu mwenyewe pale mlangoni. Lakini hakuna anayekatazwa kupita. Nikapita penye rafu zake. Alikuwa anageuza sketi, anapitisha kidole kwenye pindo, anaiweka rafuni. Nyingine, kidole, rafuni. Ya tatu akasita, akachomoa chaki, akachora duara dogo penye uzi uliolegea, akaitupa kwenye kapu la kurudishwa. Hakusema neno kwa nzuri wala kwa mbaya.

"Dada, shikamoo. Kazi ya mkato wiki hii ikoje?"

"Marahaba. Kuna aliyelalamika?"

"Hapana."

"Umeona chaki?"

"Hapana, Dada."

"Basi."

Nikangoja. Kusimama kimya kulinifaa kwa kaka, huenda kungefaa kwa dada. Akageuza sketi tano. Nilipofika kuhesabu ya sita akaniambia, "Mdogo wangu, umesimama kwenye mwanga wangu."

Jioni ile nikamweleza dada yangu mkubwa ninayeishi naye, bila kutaja nani wala swali gani. Yeye alikuwa anaosha vyombo. Dada yangu huongea na kila mtu, hata na mashine ya kutolea risiti.

"Kwa hiyo kuna mtu mmoja amekwama, na huwezi kumtaja."

"Siwezi."

"Basi waambie wote. Ukimwambia mmoja umemnyooshea kidole. Ukiwaambia wote umetangaza."

"Kutangaza vipi?"

"Kwa mdomo. Huo ulio chini ya pua."

"Dada, mimi dukani bado naonyesha kwa kidole ninachotaka."

"Najua. Wiki jana ulitaka sabuni ukarudi na mishumaa kwa sababu uliona aibu kumsahihisha muuzaji." Akaninyooshea mwiko wenye povu. "Haya. Niko mwisho wa ukumbi, mimi ni kiziwi wa cherehani. Soma."

Nikachukua nakala ya dodoso, nikasimama mlangoni mwa jiko, nikasoma swali la kwanza.

"Sauti! Hata sufuria haijakusikia."

Nikasoma tena. Na tena. Kufikia swali la kumi jirani akagonga ukuta, na dada yangu akarusha mikono juu kwa furaha, povu likatapakaa kila mahali. "Umeona! Umesikika hadi nyumba ya pili!"

Ijumaa, saa nne na robo, cherehani zikanyamaza kwa ajili ya chai. Nikapanda juu ya sanduku tupu la nyuzi katikati ya ukumbi. Watu sitini wakageuka, vikombe mkononi.

"Jamani," nikasema.

"Sauti!" akapaza mtu wa pasi.

"JAMANI!"

Kikombe kimoja kikaanguka. Mama Vifungo akapiga makofi peke yake.

"Hili ni kumbusho la nne na la mwisho. Halina rangi. Nitasoma maswali yote, ili kila mwenye swali lililomkwama alisikie vizuri. Sitaki majibu, ni siri. Swali la kwanza. Je, una vifaa vya kutosha vya kufanyia kazi?"

"Sindano!" meza nzima ya mshono wa kwanza ikajibu.

"Nimesema sitaki majibu."

"Sasa umeuliza ya nini?"

Wakacheka, nami nikagundua nacheka pamoja nao, juu ya sanduku la nyuzi, bila kuanguka. Nikaendelea. Swali la tisa lilikuwa: Je, unamwelewa vizuri kiongozi wa meza yako anapokupa maelekezo? Mtu wa mshono wa pili akajibu, "Akitoa pini mdomoni, ndiyo!" na kiongozi wao akamrushia kipande cha kitambaa.

"Swali la kumi na nne," nikasema. Sikumtazama Fundi Mkasi. Sikumtazama Dada Chaki. Nilikaza macho kwenye saa ya ukutani kama vile nayo ni mfanyakazi. "Katika wiki moja iliyopita, je, kuna mtu hapa kazini aliyekusifu kwa kazi nzuri?"

Safari hii hakuna aliyetania. Mama Vifungo akasema, si kwa sauti yake kubwa, "Mimi niliweka hapana hapo. Hata sikuwaza, niliweka tu."

"Hakuna aliyekusifu?" akashangaa kijana wa pasi. "Mama, vifungo vyako vinashika kuliko ndoa ya kaka yangu!"

"Hukuniambia!"

"Nakuambia sasa!"

Hapo ukumbi ukafunguka. Mshono wa pili wakawaambia mshono wa kwanza kwamba mabega yao hayajawahi kuwasumbua. Mshono wa kwanza wakasema hawajui kuishi bila watu wa pasi, maana makosa yao mengine hupona kwa mvuke. Mwanamke mmoja mnyamavu wa mkatoni aliambiwa na watu watatu kwa mara moja kwamba alama zake zinasomeka hata gizani, akafunika uso kwa aproni. "Tufungue bahasha tubadilishe majibu!" mtu akapaza. Juu ngazini nikaona meneja amechungulia, ameshika kichwa. "Takwimu zangu," akasema. "Takwimu zangu, jamani."

Kisha nikathubutu kutazama mwisho wa ukumbi.

Dada Chaki alikuwa amesimama penye rafu zake, kikombe mkononi, akimtazama kaka yake. Na kaka yake, katika kelele zote zile, alikuwa anamtazama yeye. Dada Chaki hakuwa mjinga. Kila mtu ukumbini alijua fungu limekwama mkatoni. Akaweka kikombe chini. Akatembea, taratibu, kupita meza ya pasi, ya vifungo, ya mishono yote miwili, na kila alipopita watu walinyamaza. Akafika mkatoni. Akachukua kipande cha juu cha fungu la asubuhi, akapitisha kidole ukingoni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mdomo ukafunguka. Ukafungika. Akakirudisha kipande pale pale alipokitoa, akakilinganisha na vingine, akarudi kwenye rafu zake.

Cherehani zikawashwa. Fundi Mkasi akachukua mkasi wake.

Nilikaa ngazini na orodha yangu kwenye magoti. Saa tano. Saa tano na nusu. Sanduku lilikuwa tupu. Nilianza kupanga kichwani jinsi ya kumwambia dada yangu, na jinsi atakavyosema alau umesikika nyumba ya pili.

Saa tano na dakika arobaini, Fundi Mkasi akaniita kwa kidole.

"Eti Mama Vifungo amesikia kwa Meneja kwamba zisipofika leo hii, wewe ndiyo basi?"

"Ndiyo, Fundi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuwa nakulazimisha."

Akatikisa kichwa. Akaitoa ile karatasi chini ya rula, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaifunga. Akaiunganisha na zile kumi na moja na kukaza utepe.

"Fundi, ulijaza lile..."

"Ni siri," akasema. "Soma tangazo lako pale mlangoni." Kisha akapaza sauti ya kazi, sauti ambayo ukumbi mzima uliijua: "Mkato unatoka!"

Sijawahi kuona kitu kinakwenda haraka hivyo. Mshono wa kwanza wakapokea, wakaweka lao juu. Mshono wa pili wakaweka lao. Mama Vifungo alikuwa ameshasimama na lake mikononi, ananesa kama mchezaji anayengoja pasi ya mpira. Watu wa pasi wakaweka la mwisho. Nikanyoosha mikono kupokea, lakini mafungu matano yakanipita hewani, maana mikono iliyozoea haikuniona. Yakatua yanakotua mafungu yote siku zote, kwenye meza ya mkaguzi.

Dada Chaki akayatazama. Akanitazama mimi.

"Hizi ni bahasha, Dada," nikasema. "Hazikaguliwi."

"Najua ni bahasha. Sifungui." Lakini kitu kikifika mezani kwake lazima akiulize, hajui namna nyingine. Akaweka mkono juu ya fungu la kwanza. "Pasi. Limekamilika?"

"Limekamilika!"

"Vifungo."

"Limekamilika, mwenzangu, muda unakwenda!"

"Mshono wa pili. Mshono wa kwanza."

"Limekamilika!" "Limekamilika!"

Mkono wake ukafika kwenye fungu la mwisho. "Mkato."

Mashine moja iliyokuwa bado inalia ikazimwa.

"Kaka. Limekamilika?"

Fundi Mkasi alikuwa amegeuka upande. Angeweza kusema ndiyo tu. Neno moja.

"Lina tundu moja," akasema. "Swali la kumi na nne nimeliacha wazi. Lipitishe hivyo hivyo, mtoto wa watu asikose kazi."

Dada Chaki akalitazama lile fungu kwa muda mrefu. Kisha akalisukuma mbele.

"Lirudishwe."

Ukumbi ukapiga ukelele. Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo likielekezwa mkatoni.

"Dada Chaki!" Mama Vifungo akashika kiuno. "Leo ndiyo siku ya kuleta ukaguzi wako? Binti atafukuzwa!"

"Dakika kumi na mbili," akasema meneja. Alikuwa ameteremka, miwani juu ya paji la uso, nyuma yangu.

"Lirudishwe!" akasema mtu mwingine, kwa nguvu kiasi kwamba nilitazama huku na huku kumtafuta. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Ilikuwa sauti yangu. Ikabidi niimalizie. "Lirudishwe mkatoni. Fundi hajawahi kutoa kazi yenye tundu, na sitaki aitoe kwa ajili yangu. Nataka sana kubaki hapa, Meneja, nilitaka kukuambia tangu Jumatano. Lakini siyo hivyo."

Meneja akaishusha miwani machoni, akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Akawatazama watu sitini waliosimama.

"Nilitaka kujua kama unaweza kuongea na wafanyakazi," akasema. "Sasa naona shida itakuwa kukunyamazisha." Akaichukua orodha mikononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni. "Unabaki. Zifike sitini na moja, zisifike. Haya, endeleeni na shughuli yenu, nami nataka kuona inaishaje."

Mama Vifungo alinikumbatia hadi nikakosa pumzi, na kifungo kimoja cha blauzi yangu kikang'oka. Akakidaka kabla hakijafika chini, akakitia mfukoni mwake bila hata kukitazama.

Fundi Mkasi alikuwa amelipokea fungu lake. Akaifungua bahasha yake taratibu kwa ncha ya mkasi, akaikunjua karatasi, akailaza mezani na kalamu kando yake. Hakuandika. Mbele yake, upande wa pili wa meza, Dada Chaki alikuwa amemfuata, mikono imeshikana kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Siku uliyonileta hapa," Dada Chaki akaanza, akakohoa. "Siku ile pale getini uliniambia, ukishaingia humu mimi si kaka yako. Ukinipendelea mbele za watu utaniaibisha. Unakumbuka?"

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Nikashika. Miaka kumi na tisa. Nikaona hata nikifungua mdomo kusema neno moja zuri, watasema anamsifu kwa kuwa ni wa kwao. Nikawa natafuta kosa. Nakuambia ukweli, Kaka, nilikuwa natafuta kwa bidii, ili siku moja nikuchoree chaki, watu waone sikupendelei, halafu kesho yake niweze kukusifu."

"Na hukupata."

"Hukunipa hata moja!" Alisema kwa hasira kabisa, na ukumbi ukaangua kicheko, na Fundi Mkasi naye mabega yakawa yanatikisika. Lakini Dada Chaki hakucheka. Alivuta pumzi, akageuka ili meza zote tano zimwone, na akasema kwa sauti ambayo hakuna cherehani ingeweza kuifunika:

"Basi nasema leo, na atakayeniita mpendeleaji aniite. Huyu ndiye mkataji bora niliyewahi kumkagua. Mimi nikisafiri nikaona mtoto amevaa sare ya kwetu njiani, nawaambia watu nisiowajua, shati hilo amelikata kaka yangu. Nawaambia wote, Kaka. Nilikuwa sijakuambia wewe."